Mtoto Anasoma, Lakini Haelewi: Nani Alisema Kusoma Kunaishia P3?



Wazazi wenzetu wa Rebero, na ndugu zetu wa Gatenga, Gikondo, na wale tuliowaacha ng'ambo ya bonde kule Nyamirambo na Biryogo, maneno haya ni yenu. Leo ni maneno makali kidogo. Tunaomba radhi mapema, kwa kuwa lawama nyingi zilizomo humu zinatuangukia sisi wazazi kabla ya kumfikia mtu mwingine.

Tuanze na kisa cha kweli. Katika nyumba moja ya hapa mlimani, bibi alirudi kutoka hospitali na dawa mpya za sukari pamoja na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Akaitwa mjukuu wake, kijana wa S3, mrefu kuliko baba yake. Akaombwa asome. Kijana akasoma, tena akasoma vizuri, hakukwama hata mara moja, mpaka shangazi zake waliokuwa jikoni wakatoka kumsikiliza. Bibi akamwombea dua. Kisha akamuuliza: "Sasa inasemaje, mjukuu wangu?"

Kijana akatazama karatasi. Akatazama ukuta. Akajibu: "Inasema unywe dawa."

Karatasi ilisema anywe kabla ya chakula, na siku ambayo hatakula asiinywe kabisa. Bibi alikunywa siku tatu baada ya kula, mpaka jirani yetu muuguzi alipopita kumjulia hali na kuichukua ile karatasi mkononi. Alhamdulillah hakudhurika. Lakini tangu siku hiyo baadhi yetu hatujalala vizuri, kwa sababu kijana yule si mpumbavu. Alifaulu P6. Anatengeneza simu za mtaa mzima. Na kila tuliyemsimulia kisa hiki alitujibu kwa kisa cha nyumbani kwake: binti wa S5 aliyejaza fomu ya shule akaandika jina la mama mahali pa jina la baba, kijana aliyekosa swali zima la hesabu, na hesabu anaijua, kwa sababu hakuelewa kwamba neno moja dogo katika swali lilimaanisha "isipokuwa".

Basi tuseme wazi. Tuna watoto wakubwa, wenye ndevu na wenye ushungi, wanaotamka maandishi na hawapati maana yake. Na sisi tunawaita wasomi.

JE, NI KOSA LA SIMU?

Kila tukikutana, iwe kwenye umugoroba w'imiryango au nje ya msikiti baada ya Ijumaa, jawabu ni moja: watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, wameharibiwa na simu. Ni jawabu tamu sana, maana halimdai mzazi kitu chochote zaidi ya kunyang'anya simu. Sisi hatulikubali. Simu ina madhara yake, na siku nyingine tutaizungumza. Lakini mtu hupenda vipi jambo ambalo kila akilifanya halimpi kitu? Mpe mtu mzima gazeti la Kichina, mfundishe kulitamka, kisha mlaumu kwamba halipendi.

Hebu tumfuate mtoto mmoja. Tuseme alianza P1 mwaka 2016 na hajarudia darasa. Katika mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 yuko S4. P1 mpaka P3 alisoma kwa Kinyarwanda. Miaka hiyo misaada ilikuwa mingi, na tunashukuru: kulikuwa na mradi wa Soma Umenye, uliolipiwa na Marekani kuanzia 2016 hadi 2021, na ule wa Mureke Dusome wa Save the Children. Vitabu vilichapishwa, walimu wakapewa mafunzo, wazazi wakaitwa kwenye mikutano. Yote hayo kwa ajili ya watoto wadogo. Mwaka 2019 mtoto wetu akaingia P4, na asubuhi moja kila somo likageuka Kiingereza. Hesabu kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, akarudi darasani Novemba. Akafanya mtihani wa P6, akaingia S1, akakabidhiwa bayolojia, fizikia, kemia na jiografia, kila kitabu na lugha yake ndani ya lugha.

Swali letu ni hili: katika safari yote hiyo, baada ya P3, ni nani aliyemfundisha kusoma? Alifundishwa sarufi. Alifundishwa sayansi. Alipewa mazoezi na mitihani. KUSOMA kwenyewe, yaani namna ya kuishika aya ngumu na kuikamua mpaka itoe maana, hakufundishwa na mtu yeyote, kwa sababu kila mwalimu alidhani mwenzake wa darasa la chini alishamaliza kazi hiyo.

Na wadogo zake wasidhani wamesalimika. Desemba 2019 ilitangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu P1, kwa hiyo wao watalikuta jambo lile lile mapema zaidi.

Matokeo ya mwaka 2021 tunayakumbuka sote: zaidi ya watoto 60,000 nchini, wa P6 na wa S3, walishindwa na kuambiwa warudie. Na Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2020 kwamba mtoto wa Rwanda anatarajiwa kukaa shuleni miaka 6.9 kabla hajafika umri wa miaka 18, lakini ukipima anachojifunza kweli, ni sawa na miaka 3.9 tu. Miaka mitatu inapotea njiani, na karo tumeshalipa!

Tujitazame na sisi. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, kabla ya serikali kuamua mwaka 2008 kwamba shule zihamie Kiingereza. Wengine tulisomea Uganda, Kongo, Burundi au Tanzania. Nyumbani tunasema Kinyarwanda, tukigombana tunasema Kiswahili, madrasa ni Kiarabu. Mtoto akileta kitabu cha jiografia tunamwambia nenda kamuulize mwalimu. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, sisi tuliotoka Biryogo tulitembea kifua mbele wiki nzima. Sasa nenda sebuleni kwako, ndugu yetu, utuambie kuna kitabu gani cha Kiswahili. Cha Kinyarwanda je?

KUTAMKA NA KUELEWA

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika jambo ambalo hata muuza nyanya wa sokoni analielewa. Walisema ufahamu wa maandishi ni zao la vitu viwili: kuweza kuyatamka maandishi, na kuielewa lugha yenyewe ukiisikia. Wakasema ni ZAO, maana yake ni kuzidisha, si kujumlisha. Ukiwa na kumi upande wa kutamka na sifuri upande wa lugha, kumi mara sifuri ni sifuri. Ndiyo hali ya mjukuu wa yule bibi na karatasi yake.

Hapa lazima tuguse mahali panapouma. Sisi Waislamu tunaijua hali hii kuliko majirani zetu. Mtoto wetu anahitimu Qur'ani akiwa na miaka kumi na miwili, tunachinja, tunapika pilau, na yeye hajui maana ya alichokisoma isipokuwa sura chache alizoelezwa na ustadhi. Hatudharau hata kidogo. Kuisoma Qur'ani ni ibada, na tumefundishwa kwamba kila herufi ina thawabu zake. Lakini kitabu cha bayolojia hakina thawabu ya herufi! Sisi tumechukua kipimo cha madrasa, yaani sauti nzuri na kutokosea, tukakipeleka sekondari, na tukisikia mtoto anatiririka kwa Kiingereza tunasema mashaallah, tunafunga mjadala.

Na hata katika dini yetu kipimo hakikuishia hapo. Baada ya Badr, mateka wa Makka walidaiwa fidia, wengine mpaka dirhamu 4,000. Waliokuwa hawana mali lakini wanajua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Mji ulikuwa maskini, ulihitaji kila dirhamu, na bado fedha ikaachwa ikachukuliwa elimu. Katika vijana wanaotajwa kwenye habari hiyo yumo Zayd bin Thabit, ambaye baadaye Mtume (S.A.W.) alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao na kuwajibu. Fikirini: kijana yule angerudi na kusema "inasema unywe dawa", ingekuwaje?

KABATI LENYE KUFULI

Tuingie shuleni. Mmoja wetu alikwenda katika shule moja, hatutaitaja, kuulizia maktaba. Akaonyeshwa kwa heshima kabisa. Chumba kisafi, kabati la chuma, na ndani yake vitabu vya hadithi vya Kiingereza na vya Kinyarwanda, vipya, ukurasa bado unashikana na ukurasa. Kabati limefungwa kwa kufuli. "Wanafunzi wanachukua lini?" akauliza. Akajibiwa kwamba wakichukua vitapotea, na mkaguzi akija atauliza viko wapi.

Tunaelewa hofu ya mwalimu yule, maana kitabu kikipotea kinatoka kwenye mshahara wake. Lakini jamani! Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto arobaini kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya kabatini miaka mitano, hicho ndicho kilichopotea.

Kuna jambo lilifanyika Fiji mwaka 1980 na 1981. Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini, ambako Kiingereza ni lugha ya shule tu, kama hapa kwetu. Watoto walikuwa wa miaka tisa hadi kumi na mmoja. Baada ya mwaka mmoja, waliosoma hadithi waliendelea katika kusoma kwa kasi ya takriban maradufu ya wenzao waliobaki na masomo ya kawaida ya sarufi.

Mtasema hao ni wadogo, na sisi tunazungumzia wakubwa. Basi njooni karibu. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd waliwapima wanafunzi wa Tanzania, wakakuta wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusoma vitabu vya masomo yao. Jibu lililofuata miaka ile ya 1980 mwishoni lilikuwa mradi wa kupeleka sekondari masanduku ya vitabu vyepesi vya hadithi, vilivyopangwa kwa ngazi, mwanafunzi aanze na chepesi hata kama yuko kidato cha juu. Tuliutafakari sana ujasiri wa jambo hilo: kumwambia kijana wa miaka kumi na saba, anza na hiki kidogo, hakuna aibu.

Maana aibu ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtoto wa P2 asiyejua kusoma hulia. Wa S4 hujificha. Anajifunza kukariri majibu ya mwenzake, anajifunza kukaa nyuma, anakuwa mcheshi wa darasa ili asiulizwe. Na sisi tunaisaidia aibu hiyo tunapomwambia mbele ya wageni, "mkubwa mzima hujui hata kusoma!"

FEDHA ZETU ZINAKWENDA WAPI?

Halafu kuna kochingi. Kila likizo, kila Jumamosi, faranga zinatoka. Na huko kochingi wanafanya nini? Wanafanya mitihani ya miaka iliyopita. Mwalimu anaandika swali ubaoni, anaandika jibu, watoto wananakili. Mwaka unaofuata swali limebadilishwa maneno mawili, na mtoto amepotea. Tumelipa kochingi tangu P4 hatujauliza hata mara moja kama kuna dakika kumi za kumfundisha mtoto kusoma lile swali lenyewe. Ni kama mtu anayenunua maji kwa madumu kila siku na bomba la uani kwake limeziba, haiti fundi.

Walimu wa masomo nao wanatuambia: "Mimi ni mwalimu wa kemia, lugha si kazi yangu." Tunawaheshimu, wana madarasa makubwa na mtaala mrefu, na wengi wao waliambiwa wafundishe kwa lugha ambayo wenyewe walikuwa wanajifunza. Lakini maneno ya kemia hayamo katika hadithi ya sungura na fisi. Asipoyafundisha mwalimu wa kemia, atayafundisha nani? Dakika tano mwanzoni mwa kipindi, maneno matano, kwa Kiingereza kisha kwa Kinyarwanda, kisha aya moja isomwe na mtoto aulizwe inasemaje. Si dakika nyingi hizo, na somo linalofuata litakwenda haraka zaidi.

Najua kuna watakaosema: acheni Kinyarwanda, mtihani ni wa Kiingereza. Ndugu zetu, kazi ya akili katika kusoma ni moja. Kijana aliyezoea kujiuliza "mwandishi anataka kusema nini?" katika lugha anayoielewa atakwenda na swali hilo hilo kwenye Kiingereza. Asiyewahi kujiuliza kwa lugha ya mama yake atajiulizaje kwa lugha ya kitabu?

TULIVYOJARIBU SISI

Hatukutaka kubaki kulalamika. Kuna njia iliyoandikwa na Annemarie Palincsar na Ann Brown mwaka 1984. Waliwachukua watoto wa darasa la saba huko Marekani waliokuwa kama wetu, wanatamka vizuri na hawaelewi. Wakawafanyia kazi kwa takriban siku 20, na ufahamu wao ukapanda sana. Haihitaji kompyuta wala mfadhili, na hili tunalitia mkazo, maana USAID iliyolipia sehemu kubwa ya miradi ya kusoma hapa nchini ilifungwa mwaka 2025.

Tulikaa na vijana wanne sebuleni kati ya Maghrib na Isha, siku tatu kwa wiki. Aya moja kwa wakati. Wote wanaisoma kimya. Kisha mmoja anakuwa "mwalimu" na ana kazi nne: anawauliza wenzake swali juu ya aya, anaisema aya nzima kwa sentensi moja, anataja neno au mahali alipokwama watafute pamoja, na anakisia aya inayofuata itasema nini. Kisha zamu inakwenda kwa mwingine. Mtu mzima anafanya mwanzo ili waone, halafu anarudi nyuma taratibu.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, hatutadanganya. Maswali yao yote yalikuwa ya kunakili: "Mto unaitwaje?" Muhtasari wao ulikuwa kuisoma aya upya. Mmoja alikuwa anatazama saa. Tuliruhusu wajadili kwa Kinyarwanda hata kama maandishi ni ya Kiingereza, na hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Wiki ya tatu binti mmoja alisema, "Hapa sijaelewa, tusirukie." Tulitazamana sisi wazazi. Mtoto aliyejifunza kusema "hapa sijaelewa" mbele ya wenzake wa rika lake, bila kuona haya, hatujawahi kumwona hapa mtaani.

Hatusemi wamekuwa mabingwa. Wawili wameanza kwenda mbele, mmoja anajikokota, na mmoja aliacha akarudi, akaacha tena. Tatizo letu kubwa limekuwa vitabu. Maktaba ya umma ya Kigali, ile ya Kacyiru iliyofunguliwa mwaka 2012, ni nzuri sana, lakini kutoka Rebero ni kuvuka mji, na nauli ya watoto wanne kwenda na kurudi si mchezo.

Kwa hiyo tunadai haya, na tunayadai kwa sauti. Uongozi wa shule zetu, fungueni makabati. Sisi wazazi tuko tayari kutia saini kwamba kitabu kikipotea tutalipa sisi, asikatwe mwalimu. Maustadhi wetu, katika darasa la Jumamosi la wakubwa, mtoto akimaliza kusoma, muulizeni maana kwa Kinyarwanda au Kiswahili, hata aya moja tu. Na sisi wazazi, fedha ya kochingi ya mwezi mmoja tununulie vitabu. Mtoto akirudi nyumbani tuache kumuuliza amepata ngapi kabla hatujamuuliza leo amesoma nini na kilisema nini. Mzazi asiyejua Kiingereza ndiye anayefaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu mtoto atalazimika kumweleza. Yule bibi hajui hata herufi moja ya Kiingereza, na siku hizi mjukuu wake hamwachi aondoke na karatasi yoyote, iwe ya hospitali au ya umeme, mpaka amweleze neno kwa neno. Juzi alimrudisha mara tatu kwa risiti ya maji.

Sanduku letu lina vitabu thelathini na kimoja mpaka sasa, kumi na viwili vya Kinyarwanda, sita vya Kiswahili, vilivyobaki vya Kiingereza chepesi. Tunahitaji zaidi vya Kiswahili. Jumamosi ya umuganda, mkimaliza kazi na mkutano wa mudugudu, tutakuwa barazani na lile sanduku mpaka adhana ya Adhuhuri. Njooni na watoto wenu wa S1 mpaka S6, na msiwaambie mbele za watu kwa nini mmewaleta.